Kiki ya Rwamgasa

Stendi ya mabasi ya Shinyanga ilikuwa imechafuka asubuhi ile. Makondakta waligombea abiria wa Kahama, wauza maji waligombea kivuli, na spika ya muuza nyimbo za kwenye flashi iliwapigia kelele wote kwa pamoja. Wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa wa Mwahija. Mwahija mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, baibui jeusi mpaka vidole vya miguu, miwani mikubwa ya jua, ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi. Tangu albamu yake ya kwanza ivume kanda nzima, hakuweza tena kununua hata nyanya bila mtu kumshika bega na kuomba picha.

"Niwekee zote za huyu dada," mwanamume mmoja mrefu akamwambia muuzaji. Alivaa shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka, kana kwamba vumbi la stendi halikumhusu. "Ila huu wa nne uache."

"Huo ndio unaopendwa, kaka."

"Wanapenda mdundo. Mwimbaji mwenyewe haupendi. Msikilize, anaimba kama anayesoma tangazo la msiba wa jirani."

Mwahija alikuwa ameapa kutofungua mdomo mpaka apande basi. Kiapo kikamshinda.

"Wewe ni mwalimu wa muziki?"

"Hapana, dada. Ni wakala wa kutoa mizigo, bandari kavu ya Isaka. Muziki nasikiliza nikisubiri malori."

"Basi kasikilize malori."

Yule bwana akacheka, halafu kicheko kikakatika katikati. Akamtazama vizuri, akashusha sauti. "Sauti hiyo naijua."

"Ukitaja jina langu hapa, utanisaidia wewe kusukumana na hawa watu."

"Sitaji. Lakini wimbo wa nne bado siutaki."

Kilichomuudhi Mwahija ni kwamba alisema kweli. Wimbo ule aliandikiwa Dar es Salaam na watu waliomwambia Kisukuma kisisikike hata kwa mbali, naye akaurekodi amenuna. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kugundua. Wakapanda basi moja, viti vikapakana, na basi lilipofika Isaka yule bwana, Sufiani, aliteremka akiwa na namba ya simu ya Mwahija. Mwahija alibaki akijiuliza ameitoaje.

Alikuwa anakwenda Kahama kurekodi albamu ya pili. Studio ya Herman ilikuwa chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimebandikwa magodoro yaliyokatwakatwa. Herman alikuwa na masikio mazuri na bahati mbaya. Kila walipopata sauti tamu, umeme ulikatika. Umeme uliporudi, mashine ya kusaga ya jirani iliwaka. Mashine ikizimwa, mtu alikuja dukani kukata mabati.

"Umekula?" Sufiani aliuliza kwenye simu.

"Sijala. Umeme umekatika."

"Kwani unakula umeme?"

"Sufi, usinianze leo."

"Haya, niimbie kipande."

"Nimesema nimechoka."

"Kidogo tu, mama. Nina lori la Burundi hapa limekwama tangu juzi, na dereva wake ananitazama kama mimi ndiye niliyeweka mpaka."

Basi aliimba kidogo, kwa hasira, na kwa sababu ya ile hasira wimbo ulitoka vizuri kuliko ndani ya studio. Jumapili Sufiani alikuja Kahama na mishikaki iliyofungwa kwenye gazeti, akakaa kwenye kreti la soda, akasikiliza. Wimbo ukiwa mbaya, hakusema neno. Kimya chake kilimkera Mwahija kuliko matusi.

"Sema basi!"

"Nimesema nini?"

"Ndiyo hivyo, hujasema! Herman, rudia. Nitauimba mpaka huyu mtu apate mdomo."

Hivyo ndivyo albamu ilivyojengeka, wimbo baada ya wimbo, kwa ugomvi. Wa mwisho aliuimba kuhusu mwanamume anayesubiri malori, akachanganya na maneno ya Kisukuma ya bibi yake. Sufiani aliusikiliza akiwa ameangalia chini. Ulipokwisha, akaomba urudiwe. Ulipokwisha tena, akasema, "Nataka mjomba wangu aje kwa baba yako."

"Unaniposa kwenye kreti la soda?"

"Kiti kingine hakuna."

Mwahija akacheka mpaka akaegemea ukuta wa magodoro. Akakubali. Wakapanga Jumapili baada ya uzinduzi wa albamu: Mzee Abdul, mjomba aliyemlea Sufiani tangu utotoni, atafunga safari kutoka Isaka mpaka Shinyanga, na Mwahija atakuwa nyumbani kwao Ngokolo kabla ya adhuhuri.

Aliyepinga ni Mwigulu, meneja. Mwigulu alivaa suruali za kubana na viatu vyeupe hata machimboni, na hakuna jambo aliloliona ambalo hakulifikiria kama tangazo.

"Msanii wa kike akichumbiwa na wakala wa mizigo, nani atanunua?" alisema. "Ungechumbiwa na mtu mwenye jina, sawa. Tunahitaji kiki, Mwahi, kitu cha kuwafanya watu wakuzungumze. Albamu nzuri bila kiki ni bure kabisa."

"Tunahitaji spika zisizokoroma. Kiki kaa nayo."

Uzinduzi ukafanyika Rwamgasa, kijiji cha wachimba dhahabu huko Geita, Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa mpira. Wachimbaji walitoka mashimoni na tope likiwa bado kwenye magoti, wakajaa mpaka juu ya mapaa. Mwahija alivaa kaftani ya kijani yenye nakshi za nyuzi za dhahabu, kilemba cha rangi hiyo hiyo, na hina mpya mikononi. Mwigulu alikusanya simu zote, eti zisipigepige jukwaani. Alikuwa amemwambia kwamba mwenye maduara mmoja, tajiri wa mashimo ya dhahabu, Bwana Bartholomeo, angepanda kumpa maua.

Bartholomeo akapanda, kofia pana kichwani na suti inayong'aa. Hakuwa na ua hata moja. Akapiga goti mbele ya umati wote ule, akafungua kiganja. Pete.

"Chukua! Chukua! Chukua!" uwanja ukanguruma.

Mwahija alitafuta kipaza sauti, kilikuwa kimezimwa. Akacheka kama anavyocheka mtu aliyeteleza barabarani watu wakimwona, akaichukua ili yule mzee anyanyuke tu, mambo yaishe. Nyuma ya jukwaa alimshika Mwigulu kola.

"Hiki nini?"

"Hii," Mwigulu alijibu, akipangusa kola yake taratibu, "ndiyo albamu ya pili, dada."

Simu yake aliipata Jumapili asubuhi, Geita mjini, wakisubiri kuingia kwenye kipindi cha redio ambacho Mwigulu alikipanga bila kumuuliza. Ilikuwa imejaa jina la Sufiani. Sufiani, Sufiani, baba, Sufiani. Kabla hajabonyeza, Mwigulu akamwekea simu yake mbele ya macho.

"Angalia kwanza. Jana watu walikuwa wanasikiliza kwa kuokoteza. Leo? Wimbo wa malori uko juu kabisa. Promota wa Mwanza amepiga mwenyewe! Usiongee na mtu mpaka kesho. Kesho tutakanusha vizuri, wote watafurahi."

Mwahija akazitazama zile namba. Zilipanda akiwa anaziangalia. Magodoro yote yale, umeme wote ule, mashine za kusaga, na sasa watu kutoka miji asiyoijua walikuwa wanaimba maneno ya bibi yake. Akajiambia Sufiani ameshaiona video ya pete mtandaoni na bila shaka ameahirisha safari ya mjomba. Akajiambia siku moja si kitu. Akailaza simu kifudifudi mezani.

Jioni baba yake, Mzee Zamoyoni, alimpata.

"Mwahija, uko wapi?"

"Shikamoo baba. Niko Geita, nilikuwa na—"

"Marahaba. Mzee wa watu alikuja. Amekaa sebuleni kwangu na kanga zake na kilemba chake, ananiuliza kama binti ana mchumba. Nimjibu nini? Nimekupigia hupokei. Vijana wa jirani wakasimama dirishani, wanamwambia mzee umechelewa, dhahabu imeshafika. Akainuka, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Sijawahi kuona aibu kama ile ndani ya nyumba yangu."

Mwahija alimpigia Sufiani papo hapo. Iliita ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Sufi wangu, nisikilize—"

"Hongera kwa albamu," Sufiani akasema, akakata.

Jumatatu asubuhi Mwahija alikodi gari mpaka Rwamgasa, pete ameifunga kwenye leso. Nyumbani kwa Bartholomeo mlango ulifunguliwa na mwanamke mnene aliyejifunga kitenge kifuani, mwiko mkononi.

"Bebe! Wewe!" akasema. "Umekuja mwenyewe? Hujatuma hata gari la matangazo?"

"Shikamoo mama. Naitwa Mwahija."

"Najua unaitwaje. Kijiji kizima kinanikumbusha. Mimi ni Paskazia, mke wa mchumba wako."

Mwahija akafungua leso. "Nimekuja kurudisha hii. Sikujua lolote. Niliambiwa ni maua."

Paskazia akaichukua pete, akaigeuza kwenye mwanga, na uso wake ukabadilika rangi.

"Bartholomeo!" akaita, sauti ikatikisa mabati. "Bartholomeo, toka nje! Hii si pete yangu niliyoitafuta mpaka chini ya kitanda?"

Bwana Bartholomeo akatokea ukumbini na fulana, bila kofia, amepungua nusu. "Yule meneja alisema ni igizo tu, Mama Sesilia. Alisema jina langu litatajwa kwenye wimbo. Nikasema kuliko kununua nyingine—"

"Kuliko kununua nyingine!"

Mwahija hakusubiri zaidi. Pale pale uani, Paskazia akiwa amesimama kando yake na pete kidoleni, alijirekodi kwa simu bila poda, bila miwani. "Pete si yangu, mume si wangu," alisema. "Mwenye mume huyu hapa. Mimi nina mtu wangu, na nimemkosea. Albamu tu ndiyo yangu." Akaituma kwa dunia nzima.

"Wabeja, mwanangu, asante," Paskazia akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Sasa nenda kamtafute huyo mtu wako. Huyu wangu niachie."

Mwigulu alipiga kabla gari halijafika barabara kuu. "Umeua albamu! Promota wa Mwanza amejitoa! Watu wanakutukana huku, wanasema umewafanya wajinga!"

"Wana haki. Wewe na mimi tumeishia hapa, Mwigulu. Mwambie Herman anipigie yeye."

Isaka jua lilikuwa la utosi. Malori yalikuwa yamepangana mpaka nje ya geti, madereva wamelala chini ya matela. Walipomwona, mmoja aliuliza kwa sauti kama dhahabu imeisha, wenzake wakaangua kicheko. Mwahija akapita katikati yao na ile kaftani ya Jumamosi, sasa imekunjamana na kuingia vumbi pindoni. Sufiani alikuwa amesimama kando ya kontena, karatasi za mizigo mkononi, shati halijapigwa pasi.

"Umeiona video ya leo?" Mwahija akamuuliza.

"Nimeiona. Hata ya Jumamosi niliiona, na nilijua hukuitaka ile pete. Uso wako naujua, Mwahija. Sikuumia kwa pete."

"Basi mbona—"

"Mjomba alitaka kuahirisha!" Sauti ya Sufiani ikapanda, madereva wakanyamaza. "Mimi ndiye niliyemwambia aende. Nikamwambia Mwahija atapiga kabla basi halijafika Tinde, atamweleza baba yake, usiogope. Mzee amevaa kanzu ya Idi. Nikakaa na simu mkononi. Simu yako ilikuwa imezimwa?"

Hapo angeweza kudanganya. Mwigulu alikuwa amempa uongo wa kila saizi.

"Haikuzimwa," akasema. "Nilikuwa nayo. Niliona jina lako. Niliona na wimbo unavyopanda, nikataka upande kidogo zaidi. Nikadhani umemzuia mjomba. Ndivyo ilivyokuwa."

Sufiani akageukia lori, akalipiga kofi bodi lake. "Laiti ungesema umeibiwa simu."

"Ungependa niseme hivyo?"

"Hapana," akajibu kwa uchovu. "Ningekuchukia." Akakaa kimya, kile kimya chake cha kuudhi, Mwahija akavumilia bila kumwambia sema basi. Hatimaye Sufiani akapangusa jasho. "Mjomba amesema hapandi tena basi la Shinyanga kwa ajili ya posa. Hata umlipie nauli ya ndege."

"Basi tutakuja sisi."

"Tangu lini waoaji wakafuatwa?"

"Tangu binti awe mimi."

Mzee Zamoyoni alipoambiwa, alikasirika kwanza. Akasema haijapata kutokea, akasema watu watasema nini, akasema hana kanzu safi. Ijumaa baada ya sala alikuwa mlangoni kwa Mzee Abdul, kanzu imeng'aa, Mwahija nyuma yake amevaa gauni la kawaida na mtandio mweupe, sinia la kashata mikononi. Mzee Abdul aliwaona, akaitikia salamu, akawaacha wakae kwenye benchi la barazani. Akaingia ndani. Walikaa mpaka kivuli kikahama miguuni mwao. Mzee Zamoyoni alikuwa anavuta pumzi kama mashine ya kusaga, lakini hakuinuka.

Mzee Abdul alipotoka, alivaa kanzu ya Idi.

"Haya," akasema. "Mna haja gani?"

"Bwana Abdul," Mzee Zamoyoni akasema, akisimama, "ulikuja kwangu na neno jema, ukaondoka bila jibu. Nimekuletea jibu lako. Tumekubali, kama bado mnamtaka binti."

Mzee Abdul akamtazama yeye, akamtazama binti, akatazama kashata. "Ingieni ndani," akasema. "Pilau inapoa."

Wazee walipokwisha kukaa, Sufiani alimkuta Mwahija uani akinawa mikono.

"Umenisamehe?" Mwahija akamuuliza.

"Bado."

"Astaghafiru! Baba yangu amekaa benchi mpaka kiuno kimekufa ganzi, na bado?"

"Bado. Hasira yangu ni kubwa, nadhani itachukua muda."

"Sasa posa ya nini?"

Sufiani akachukua taulo begani, akaanza kumkausha mikono, kidole kimoja kimoja. "Nimefikiria sana," akasema. "Nikikukasirikia nikiwa Isaka na wewe uko Kahama, nakosa usingizi na kazi haziendi. Nataka nikukasirikie tukiwa nyumba moja."

Mwahija akamwachia mikono yake yote miwili.