Saini ya Ukurasa wa Mwisho

"Daktari, umesahau tena!"

Karani wa mitihani aliigeuza fomu ya alama. Ukurasa wa mwisho, pale pa saini, palikuwa peupe. Mhadhiri wa takwimu akajishika kichwa.

"Kichwa changu hiki, dada!"

Akasaini, akauliza hali ya mama yake karani, akayasifia mafaili, akaondoka shingo upande.

Karani akabaki anajiuliza. Kanuni ilikuwa wazi: fomu ikikosa saini, mhadhiri aje mwenyewe asaini mbele ya karani. Wengine waliteleza mara mojamoja. Huyu kila muhula, na alama zake hazikosewi hata nukta! Udadisi ukamwasha. Akafungua kabati, akahesabu. Mara tisa.

Simu ikaita. Alikuwa mkuu wa kitivo, mama asiye na mzaha.

"Mkataba wa yule wa takwimu unaisha Ijumaa. Nasikia ni mzembe wa fomu. Niandikie amesahau mara ngapi."

Karani akampigia mhadhiri papo hapo.

"Daktari, ni mara tisa. Utakosa kazi! Kwa nini lakini?"

"Ningesaini, ningekuja kwako kwa kisingizio gani?"

Karani akakaa chini. Alifurahi, na hasira zikampanda hapohapo.

"Mtu mzima na shahada zako zote, ulishindwa kusema?"

"Nilishindwa."

"Mimi siandiki uongo. Naandika tisa."

"Andika. Sababu nitampelekea mwenyewe."

Akaandika tisa, machozi yakimlengalenga.

Ijumaa asubuhi ukaingia ujumbe wa mkuu wa kitivo: "Mhadhiri wako kakiri yote, jasho linamtoka. Nimempa onyo kali na mkataba mpya. Kagoma kuusaini hapa. Anadai kanuni ni asaini mbele yako."

Mlango ukagongwa. Mhadhiri huyo, mkataba mkononi, macho chini.

"Saini kwanza," karani akasema. "Kazi usiichezee."

Akasaini.

"Haya, sasa sema kilichokuleta mara tisa."

"Nakupenda. Nataka nije nyumbani kwenu nimwone mama."

Karani akaichukua kalamu, akaifunga kifuniko taratibu.

"Njoo Jumapili. Kila muhula nampelekea salamu zako, na kila muhula ananiuliza huyu ni nani. Nimechoka kumwambia sijui."