Ripoti ya Saa Sita

Rafiki yangu, fundi wa kompyuta, alitumwa kwenye chumba cha seva kisicho na dirisha, akasogeze ripoti inayojichapa yenyewe kila saa sita mchana, ije saa nane. Waraka wa ofisi, wenye mihuri mitatu, ulisema kazi ikiwa inaendelea, mlinzi asifungue mlango. Alipomaliza tu kubadili saa ya ripoti, saa sita kasoro dakika moja, umeme ukakatika. Feni zikanyamaza. Giza totoro. Akagonga mlango.

“Mzee, nifungulie!”

“Kazi ikiisha, mwanangu,” mlinzi akajibu toka nje. “Waraka ndio unavyosema.”

“Kazi gani? Umeme hakuna!”

“Hiyo ninayoisikia ikichapa.”

Rafiki yangu naye alikuwa akiisikia, ila hakutaka kukubali. Akapapasa hadi kwenye printa. Karatasi zilikuwa zikitoka, moja baada ya nyingine, za moto.