Lindo Ndani ya Lori

Injini ilizima tena, ghafla, na Spana, aliyekuwa amelala chali chini ya lori, akapiga kelele, "Shemeji, nimekwambia usiguse hicho kishikio!"

"Nani kagusa?" Sauti ya shemeji yake haikutoka kabini. Ilitoka kwenye bomba la maji, nyuma kabisa ya gereji. "Mimi nanawa mikono huku. Hasira zako kamalizie kwa dada yangu."

Spana akajivuta nje, akapanda kabini. Malori yale ya zamani ya dizeli hayazimwi kwa ufunguo. Chini ya usukani pana kishikio chekundu. Ukikivuta, kinavuta waya, waya unavuta mkono mdogo kwenye pampu, mafuta yanakatika na injini inanyamaza. Kishikio kilikuwa kimevutwa mpaka mwisho. Kiti cha dereva hakikuwa na mtu, lakini kilikuwa kimebonyea, na Spana alipokuwa akikitazama kikainuka polepole, kikarudi kama kilivyokuwa. Akajiambia ni uchovu.

Spana hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na mji, kwa sababu tangu afungue gereji hakuna gari lililoingia getini pake likatoka linavutwa kwa kamba, na sifa hiyo aliipenda kuliko chakula. Lori hili la jeshi, lililouzwa baada ya kukaa miaka chini ya turubai, lililetwa na mtu aliyetaka kubebea mawe. Lilikuwa linawaka vizuri, linanguruma, kisha linazima. Spana alikuwa amesafisha tangi, akabadilisha chujio, akatoa upepo kwenye mirija ya mafuta, akafungua nozeli moja moja, akaifumua pampu na kuifunga upya. Kila kitu kilikuwa kizima, lori tu ndilo bovu.

"Hili limekushinda," shemeji alisema akicheka. Alikuwa dereva asiye na gari kwa wakati ule, kaka pekee wa mke wa Spana, na mdomo wake haukujua likizo. "Mwambie mwenyewe aje alichukue, akafugie kuku."

"Nyamaza, panda uwashe."

Safari hii Spana aliung'oa ule waya wote, akasimama mbele ya injini iliyo wazi. Lori likawaka. Akaukazia macho ule mkono mdogo wa pampu, ambao sasa haukuunganishwa na kitu chochote. Ulitulia kwa muda. Kisha ukaanza kurudi nyuma, taratibu, bila kutetemeka, kama unaovutwa na kidole cha mtu, na hapo hapo ikamjia puani harufu ya jasho la watu wengi, dawa ya viatu na turubai bichi, wakati jua lilikuwa linachoma na mvua haijanyesha tangu zamani. Injini ikazima.

"Mbona umezima?" shemeji aliuliza kutoka juu.

Spana akaifunika injini, akamwambia ashuke.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja isiyochezewa. Aliye chini ya gari ndiye anayeamuru, na aliye kabini hagusi kitu mpaka aambiwe; akiambiwa, hujibu "Tayari!" ndipo atende. Sheria hiyo ndiyo iliyomwachia Spana vidole vyake vyote. Basi kesho yake mchana, akiwa chini ya lori, mpini wa bisibisi ameubandika sikioni ili aisikilize pampu, akaamuru kama kawaida.

"Washa!"

"Tayari!" Injini ikawaka.

"Ongeza!"

"Tayari!" Ikapanda.

"Haya, zima!"

Kila neno lilitekelezwa papo hapo, bila utani hata mmoja. Sauti ilikuwa nzito kidogo, na Spana akadhani shemeji ana mafua. Akageuza shingo atafute kitambaa cha kujifutia, na kutoka pale chini akaona kandambili za shemeji yake ndiyo kwanza zinaingia getini, mfuko wa mkate unaning'inia kando ya goti.

Akatambaa nje, akachungulia kabini; hapakuwa na mtu. Angekuwa na akili siku ile angefunga gereji na kumrudishia mtu lori lake. Lakini safari hii injini haikuwa imezima yenyewe, ilizima ilipoamriwa, na sifa ni tamu. Akajaribu peke yake, kwa kunong'ona, na lori likawaka, likanguruma mpaka jioni bila kukohoa. Akaelewa kwamba kilichokuwa mle hakikuharibu kitu, kilikuwa kinangoja kuamriwa tu. Hakumwambia mtu.

Mwenye lori alipokuja kulitazama, wateja wengine nao wakasogea, na Spana akasimama kifua mbele. Shemeji hakuweza kujizuia.

"Jamani, msimsifu sana! Siku zote hizi kumbe alikuwa amesahau kukaza nati moja, anamsingizia marehemu pampu!"

Watu wakaangua kicheko. Spana akaona haya, na haya ikageuka hasira. "Hebu mpandisheni huyu kwenye lori," akafoka, "apelekwe asikojulikana, nipumzike!"

Wakacheka zaidi. Katikati ya kicheko hicho, kutoka kabini, Spana peke yake akasikia, "Tayari."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Shemeji aliacha kucheka mdomo ukiwa bado wazi, akageuka, akatembea mpaka nyuma ya lori, akapanda, akakaa kwenye benchi la mbao walilokuwa wakikalia wanajeshi, mgongo wima, viganja magotini, macho mbele, na watu wakiendelea kudhani ni maigizo yake ya kila siku injini ikajiwasha, lori likasogea hatua moja kuelekea getini, na mwenye lori akawa wa kwanza kukimbia. Spana alitupia mawe chini ya magurudumu. Akakata mafuta, akang'oa betri, na bado injini iliunguruma. Wanaume waliobaki walimvuta shemeji kwa mikono na miguu wasiweze hata kumtingisha, na harufu ya jasho, dawa ya viatu na turubai bichi ikawa nzito kiasi kwamba mmoja wao alitapika.

Jua lilipoanza kushuka mke wa Spana alifika, na kando yake fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni, ambaye watu walimwendea kwa nguo na kwa majini.

"Umemfanya nini ndugu yangu?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini, na Spana akamweleza yote, machozi yakimtoka.

"Si umwambie amshushe!"

"Nimemwambia, mke wangu. Nimemsihi mpaka sauti imekauka."

Fundi cherehani alifukiza ubani chini ya injini, akaweka kiganja kwenye bodi la lori, akakiondoa haraka. "Huyu ni askari," alinong'ona. "Wenzake walishuka wakaenda zao, yeye hakuambiwa ashuke. Hakusikii kwa sababu unamsihi. Askari hasihiwi. Mwamuru kama ulivyomwamuru ukiwa chini ya gari. Ila sikiliza vizuri: akikuuliza neno lolote, usijibu. Hata iweje."

Spana akavuta pumzi. "Mshushe huyo!" akaamuru. "Nawe ushuke, uende zako!"

"Tayari," kinywa cha shemeji kikasema, kwa sauti isiyokuwa yake. "Lindo namkabidhi nani?"

Fundi cherehani akaweka kidole mdomoni. Hakuna aliyejibu, na lori likaendelea kutetemeka juu ya mawe, na swali likarudiwa, na kila liliporudiwa kifua cha shemeji kilipanda kwa shida zaidi, midomo ikabadilika rangi, mpaka ikafika pumzi iliyotoka na nyingine isiingie, na mke wa Spana akamkamata mumewe mkono kwa kucha na kumwambia sikioni, "Mume wangu, hapumui. Ndugu yangu hapumui."

"Mimi," Spana akasema.

Injini ikazima. Shemeji akaanguka kutoka kwenye benchi akikohoa na kuomba maji, na dada yake akapanda, akamkumbatia, akalia na kucheka kwa pamoja. "Nimelala?" shemeji akauliza. "Mbona mnanitazama hivyo?"

Mke wa Spana aligeuka amshukuru mumewe. Spana alikuwa kabini. Alikuwa amekaa wima, viganja magotini, machozi yakimtiririka bila uso kusogea.

"Mume wangu, shuka twende nyumbani."

"Nataka kushuka," alisema, na hiyo ilikuwa bado sauti yake. Kisha ikaja nyingine, nzito kidogo. "Siwezi kuacha lindo. Nani anapokea zamu?"

Mkewe alimpenda. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Fundi cherehani akamrukia, akamziba mdomo kwa viganja viwili, akamshikilia hivyo huku akipigwa na kung'atwa, na akamgeukia shemeji amwonye naye, lakini shemeji, ambaye hakuwa amelisikia lile onyo, alikuwa anafuta maji kidevuni, akimtazama Spana kwa huruma, na amekwisha kuuliza kwa upole, "Zamu gani?"