Mtandao Chini ya Mkeka

Waifai ilishika laptopu ikiwa mkekani tu. Ukiiinua, inakatika. Mwasiti alidhani ni uchakavu.

Alikuwa ndani ya eda, chumbani kwake Nyahanga, Kahama. Mumewe Swaleh alifukiwa na duara, shimo la dhahabu, kule Mwakitolyo. Wachimbaji wenzake walishindwa kumtoa, wakamsomea dua juu ya kifusi, wakarudi. Sasa wakwe wa Ushetu walitaka kumchukua Zamoyoni, bintiye wa pekee, eti mama hana kazi. Kazi ilikuwa mbioni: ukarani wa ghala huko Geita, na kwa sababu ya eda walikubali kumsaili kwa video, leo alasiri. Mtandao ukikata, mtoto anakwenda.

Fundi mwanaume asingeingia kwa mwenye eda, basi akaitwa Dorah, fundi kompyuta wa mtaa wa pili, msichana mwenye mdomo.

"Linux na kadi hii ya waifai, mama Zamoyoni, ni ndoa ya mkeka," alitania.

Akapakia draiva upya. Akazima mpangilio wa kubana umeme. Mwisho akaichomoa kadi, akaweka mpya. Ikashika ruta ya mwenye nyumba, ikaiachia, ikajiunga yenyewe kwingine. Dorah akakunja uso.

"Mtandao unaitwa Swaleh. Laptopu inaukumbuka."

Damu ikampanda Mwasiti. "Hiyo ni hotspoti ya simu ya mume wangu. Aliingia nayo shimoni!" Akashusha sauti. "Mtandao wa simu unafika wapi?"

"Hauvuki nyumba tatu."

"Basi yu hai. Yuko kwa mwanamke hapahapa mtaani, mimi nakaa eda ya bure!" Wivu na furaha vilimkaba pamoja.

"Tumsake," Dorah alinong'ona, akaanza kuizungusha laptopu. Dirishani, mtandao ukapotea. Mlangoni, ukapotea. Mezani ukarudi kidogo, na alipoiweka sakafuni ukajaa wote, na palepale harufu ya udongo mbichi na baruti ikapanda kupitia mkeka, na chini ya saruji kukasikika kitu kikigonga, taratibu, kikipumzika, kikigonga tena, kama sururu ya mtu aliyechoka lakini anayejua kabisa nyumba anayoiendea.

"Mayo wane!" Dorah alimwita mamaye kwa Kisukuma, akarudi nyuma. "Ufute huo mtandao, mama Zamoyoni. Tumwite shehe."

"Na mwanangu?"

Saa ya usahili ikafika. Ruta ya mwenye nyumba ilikuwa imezimika. Mwasiti aliogopa, lakini akabonyeza jina la mumewe. Simu ya video ikaita, picha ikaja safi kuliko siku zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Msaili alitabasamu, kisha akaacha. "Bi Mwasiti, usahili huu ni wa mtu mmoja. Mwambie huyo baba mwenye tochi kichwani, hapo nyuma yako, atoke kwanza."

Dorah alikuwa keshafika barabarani. Mwasiti hakugeuka. Pumzi ya baridi, yenye vumbi, ilimgusa shingoni.

"Ni mume wangu, mama," akasema. "Yeye hatoki. Naomba tuendelee."