Sifuri Katika Mchezo wa Sitini na Tatu

Hati-amri ya Mwanjaa Shemweta, programu fupi ya kompyuta, ilikuwa na mistari mia mbili tu, lakini ilimaliza kwa dakika moja kazi ambayo zamani ingemkalisha mpiga chapa mwezi mzima. Aliilisha kumbukumbu ya Go, mchezo wa kuzingira kete za mpinzani ubaoni, orodha kavu ya herufi na tarakimu, nayo ikaita maktaba ya amri zilizoandikwa tayari, iliyojua kuchora. Mistari kumi na tisa ilikatana na mingine kumi na tisa. Kete nyeusi na nyeupe zikakaa kwenye makutano yake, kila moja na namba ya zamu yake, maelezo yakajipanga pembeni, na mkono wa chuma wa mtambo ukasukuma nje ukurasa ambao wino wake ulikuwa bado una joto.

Ilikuwa Jumatano, mwaka 2094, katika nyumba ya vitabu ya Chumbageni, jijini Tanga. Mwanjaa alikuwa akichapa michezo mia moja ya kaka yake.

Kaniki Shemweta alikuwa bingwa wa Go ambaye hakuna aliyemshinda kwa miaka miwili. Siri yake haikuwa siri. Nyuma ya sikio alibandika pachabongo, kidude cha shaba chenye ukubwa wa kifungo cha shati, kilichojifunza namna mvaaji anavyofikiri, kisha kikamsaidia kufikiri. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukivaa. Kufikia sasa walikivaa madaktari, walimu na hata mahakimu. Ijumaa asubuhi Kaniki alitarajiwa kuwa wa kwanza tena: pachabongo ingepandikizwa ndani ya fuvu lake, isiweze kuvuliwa kamwe. Kitabu kilitakiwa kutoka siku hiyohiyo.

Chini ya kila ubao Mwanjaa alikuwa ameongeza pambo dogo, mstari mweusi alioupa jina la mstari wa fikra. Kumbukumbu za pachabongo zilihifadhi muda ambao ubongo wa Kaniki ulifanya kazi katika kila zamu na muda ambao kidude kilifanya kazi. Hati-amri iligawanya muda wa kidude kwa muda wa ubongo; jibu lilivyokua, mstari ulikonda. Wasomaji wangependa kuona bingwa alipokuna kichwa.

Kwenye mchezo wa sitini na tatu mtambo uligoma. Kiooni yakatokea maneno: *Zamu ya 112. Haiwezekani kugawanya kwa sifuri.*

Alidhani amekosea mwenyewe. Akapitia mistari yake mmoja mmoja, asione kosa. Akafungua kumbukumbu yenyewe. Katika zamu ya mia na kumi na mbili, ubongo wa kaka yake ulifanya kazi kwa sekunde sifuri. Mkono ulinyanyua kete ukaiweka, ukateka kete za mpinzani, na mwenye mkono hakuwemo.

Alisogea mbele. Mchezo wa sabini ulikuwa na sifuri kumi na mbili. Wa themanini, zilijaa nusu ya safu. Kuanzia wa tisini na moja hakukuwa na kitu kingine. Mwanjaa alichukua simu. Akampigia kaka yake.

"Kaka, nina—"

"Ni hitilafu ya rekodi tu," Kaniki alijibu. "Weka moja badala ya sifuri, kitabu kitachapika."

Mwanjaa alikuwa hajamaliza hata kuuliza. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Na huyu alikuwa Kaniki, mtu ambaye ukimwuliza habari za nyumbani alitazama dari kwanza kabla ya kujibu.

"Nani kakwambia kuhusu sifuri?"

"Mwanjaa..." Sauti ilishuka, ikawa na mikwaruzo. "Sijui. Nimejisikia nikisema." Pumzi moja ikapita, kisha sauti ikanyooka. "Usijali, mdogo wangu. Kila kitu kiko sawa. Tuonane Ijumaa."

Simu ikakatwa. Alipiga tena siku ile na siku iliyofuata. Kila mara alijibiwa kwa upole kabla hajamaliza sentensi, na kila jibu lilikuwa sahihi. Alhamisi jioni aliacha kupiga, kwa maana alianza kumwogopa anayemjibu.

Ijumaa saa mbili asubuhi aliingia kliniki ya Raskazone na bunda la kurasa kifuani; penye sifuri alikuwa ameiamuru hati-amri isichore mstari. Kaniki alikuwa ameketi kwenye kiti cha upasuaji, nywele zimenyolewa upande mmoja. Kando yake alisimama Mhandisi Liwangu, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliyeibuni pachabongo.

"Umewahi, dada," Liwangu alisema. "Kitabu kimekamilika?"

Mwanjaa alitandaza kurasa sakafuni kwa sababu meza haikutosha. "Huu ni mstari wa fikra zake. Tazama hapa ulivyo mnene. Hapa unakonda. Hapa haupo."

Liwangu aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Ubongo ukipata msaidizi hupumzika," alisema hatimaye. "Pachabongo imembebea mzigo. Ndiyo kazi yake."

"Basi mvue dakika kumi. Kama yumo, atacheza."

"Haishauriwi."

"Inakatazwa?"

Mhandisi alirudi nyuma hatua moja. Kaniki mwenyewe ndiye aliyeinua mkono. Ulifika begani ukasimama. Akaushusha, akauinua tena, ukasimama palepale, na vidole vikatetemeka kama vya mtu anayesukuma mlango ulioegemewa kwa ndani. Macho yake yalimtafuta Mwanjaa. Mwanjaa akapiga magoti, akaushika mkono ule, na kwa pamoja wakabandua kile kidude.

Hakuanguka, wala hakupiga kelele. Mabega yake tu yalilegea.

Mwanjaa alitoa ubao mdogo akapanga kete nne: nyeupe moja, imezingirwa na nyeusi tatu. Ilibaki nafasi moja. Mtoto aliyefundishwa Go kwa nusu saa angeijaza, akaiteka ile nyeupe.

"Cheza nyeusi, kaka."

Kaniki alichukua kete. Aliizungushazungusha vidoleni, akatazama ubao, akamtazama dada yake, akatazama tena ubao. Dakika nne zikapita. Kisha akaiweka kete ndani ya mraba mmoja wa ubao, kwenye nafasi tupu kati ya mistari, mahali ambapo katika mchezo huo kete haikai kabisa.

Kaniki aliona nyuso zao, akajua kwamba amekosea, na hakujua amekosea nini.

"Mbona ninaogopa hivi?" aliuliza. "Mwanjaa, nirudishie. Nirudishie hicho kitu."

Mwanjaa alikifumbata kiganjani. Kilikuwa kimepata joto.

"Nikikaa bila hicho," Kaniki alimwuliza mhandisi, akitafuta kila neno, "kilichopotea kitarudi?"

"Hatujui."

"Na nikikivaa, atakayecheza ni mimi?"

Liwangu alikodolea macho zile kurasa sakafuni. Mkono wake ulipanda nyuma ya sikio lake mwenyewe, ukagusa pachabongo yake, ukabaki huko.

Kaniki hakutia sahihi fomu ya upasuaji. Alitoka kliniki ameshikwa mkono, akikwepa vizingiti ambavyo havikuwepo.

Kitabu kilitoka wiki tatu baadaye. Mwanjaa aliibadilisha hati-amri: kete alizozifikiria Kaniki zilijazwa wino na kupewa namba, na zile za kidude zikaachwa viduara vitupu. Michezo ya mwanzo ilikuwa myeusi kwa wino. Ya mwisho, upande wa Kaniki ulijaa viduara tu. Hakuandika neno la utangulizi, ila maelezo ya alama hizo mbili.

Siku ya nne baada ya hapo, saa sita mchana, mama mmoja mwenye mvi alifika nyumba ya vitabu. Alikuwa amefunga kitambaa kilichoficha masikio. Alijitambulisha kwa jina la Hakimu Tekla Mhando, akaweka mezani kisanduku cha kumbukumbu.

"Nimesoma kitabu. Hizi ni hukumu zangu za mwaka mzima," alisema. "Pachabongo yangu imezihifadhi. Hiyo programu yako inaweza kuzisoma?"

Mwanjaa alitamani kusema haiwezi. "Inaweza, mama. Lakini una hakika unataka kuona?"

Hakimu alivuta kiti, akakaa, akashika kingo za meza kwa mikono miwili.

"Mwezi uliopita nilimfunga mtu maisha," alisema. "Kila siku najaribu kukumbuka kwa nini. Anza na huyo."