Taa ya Kijani Kifuani kwa Mathias

Kile kidude kililia adhuhuri, watu wote wakiwa wameenda kula. Tik. Nesi Costancia alisimama na bakuli lake la maharage mkononi, akatega sikio. Tik, tik.

Zahanati yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, moja ya zile zilizoota kama uyoga kando ya barabara kuu ya Mikumi enzi za ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Wafadhili waliiletea mdoli wa kufundishia, kichwa na kifua tu, pamoja na hicho kidude cha kuwekwa kifuani pa mtu aliyesimama moyo. Ukikandamiza sawasawa, kinawaka taa ya kijani na kulia tik. Ukilegea, kinawaka nyekundu. Na kweli kiliwanyoosha wauguzi. Mikono ya Costancia, ambayo zamani ilikuwa ikipapasa tu, ilijifunza kuzama.

"Lupakisyo, umekichezea tena?" alimuuliza mlinzi, maana kijana huyo kwa utani hajambo.

"Haki ya Mungu, Sista, yule mdoli mimi simgusi. Mtu gani hana miguu?"

Hakumwamini hata chembe. Alitoa betri za kidude, akazitia mfukoni, akakaa mlangoni kumvizia. Kesho yake adhuhuri kidude kikalia tena, Lupakisyo akiwa getini mbele ya macho yake, na chumbani mkanuka dizeli na damu mbichi.

Ndipo Lea, mhudumu wa usafi, alipomvuta pembeni.

"Dada, usinifokee. Yule mdoli nilimwonea aibu, amelala kifua wazi mbele za watu. Nikamfunika shuka, yeye na kidude chake."

"Shuka gani?"

"La yule abiria wa lori aliyefia hapa. Yule aliyezikwa Kilosa na halmashauri, asiyekuwa na ndugu wa kumlilia. Nililifua, dada. Nililifua kwa sabuni."

Nywele zilimsimama Costancia. Papo hapo akamtuma Lupakisyo aende Rudewa akamwite mganga.

Lupakisyo hajapotea hata machoni, vibarua wa mashamba ya miwa ya Ruaha wakaingia mbio wamembeba Mathias, mume wa Costancia. Alikuwa ameanguka juani, na moyo haukusikika.

"Mume wangu jamani!"

Akamlaza sakafuni, akakikamata kidude kwa mazoea bila hata kukumbuka kwamba betri zake bado zilikuwa mfukoni mwake, akaanza kukandamiza, na taa ya kijani ikawaka, ikawaka, ikawaka kila mikono iliposhuka, hata alipochoka, hata alipolegea, ikawa inamsifu vilevile, tik, tik, huku ubaridi ukimpanda kutoka viganjani hadi viwikoni na ile harufu ya dizeli ikijaa chumba kizima, mpaka Lea akanong'ona kwa hofu, "Dada, mbona humkandamizi? Mikono yako inaelea."

Akatazama. Kweli, kifua hakikuwa kikishuka hata kidogo. Kidude kilikuwa kinamdanganya! Kwa hasira akakibamiza ukutani, akazamisha mikono mitupu huku akilia, mpaka ubavu ukalia ka! na Mathias akavuta pumzi.

Costancia alicheka, machozi yakimtiririka. Kisha akasikia. Tik. Pale pembeni kidude kilichopasuka kiliwaka kijani, na kifua cha mumewe kikapanda. Taa ikazima, kifua kikashuka. Kidude kikakaa kimya, na midomo ya Mathias ikaanza kubadilika rangi. Tik. Akavuta tena.

Mganga alifika alasiri na chetezo chake cha ubani. Costancia alimpokea mlangoni, akauziba kwa mwili wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Liko wapi hilo shetani nilitoe?"

Nyuma ya Costancia kulisikika tik, kisha pumzi ya Mathias.

"Umesumbuliwa bure, babu. Hapa hakuna kitu."

Mzee alimtazama sana, akanusa hewa, akageuka akaenda zake. Costancia akafunga mlango kwa komeo. Akalichukua lile shuka mikononi mwa Lea, ambaye alikuwa tayari ameshika kiberiti alichome, akakifunika kidude taratibu.

"Karibu, ndugu yangu," alinong'ona. "Kaa."