Kisasi cha Msusi na Dawa ya Akili

Wazazi wenzangu, haya yalimpata Msusi, mwanamke hodari ambaye kila kichwa cha mtaani kilipita mikononi mwake. Sikilizeni, mpime wenyewe.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: viti viwili vya plastiki, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na feni iliyolalamika kuliko ilivyopuliza. Jumamosi hiyo asubuhi palikuwa shwari. Mteja mmoja alikuwa anasukwa, wengine wanapiga soga wakisubiri zamu. Chini kwenye mkeka, binti yake wa pekee alikuwa anamalizia hesabu za shule.

Anamalizia! Mtoto huyo walimwita Kipepeo kwa sababu hakuwahi kukaa hadi kiti kikapata joto. Zamani ukimtuma chumvi, alirudi na paka. Darasani alianza kila kitu, hakumaliza hata kimoja, na si kwa ukaidi. Ndipo daktari wa watoto alipompima na kueleza kwamba kuna watoto ambao kutulia na kuzingatia ni kazi ngumu kwao, wala si utundu. Akaandika dawa: kidonge kimoja asubuhi baada ya chai, siku za shule tu.

"Umlete kliniki nimpime uzito na mapigo ya moyo," alisema. "Usiongeze, usikatishe ghafla, usimgawie mtu."

Ikafuatwa hivyo, na mtoto akaanza kutulia, hata siku zisizo za kidonge. Mama akamshukuru Mungu.

Basi Jumamosi hiyo akaingia Wifi, dada wa mumewe, fundi cherehani wa mtaa uleule. Binti wa Wifi alisoma darasa moja na Kipepeo, na kwa kuwa siku zote alikuwa wa kwanza, walimwita Profesa.

"Hodi humu! Ehe, leo Kipepeo ametua?"

"Karibu wifi. Anasoma huyo."

"Anasoma au zimempumbaza? Nasikia siku hizi mnampa dawa za akili." Akawageukia wateja. "Jamani, kwetu sisi ukoo mzima hatuna wagonjwa wa akili. Huyu atakuwa amechukua kwa mama yake."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Kipepeo akainua uso. "Shangazi, kwani mimi chizi?"

Wakazidi kucheka. Kitana cha Msusi kilipita kwa nguvu hadi mteja akaguna, "Taratibu dada, hicho ni kichwa changu, si cha wifi yako!"

Angalieni hapo. Dawa ya akili inaweza kuwa ya kumtibu aliyechanganyikiwa, na inaweza kuwa ya kumwongezea mtu werevu. Wifi alikusudia ile ya kwanza. Msusi, huku mikono inasuka na moyo unachemka, akaichukua ya pili. "Dawa ya akili, eh?" alisema kimoyomoyo. "Sawa. Utaziona hizo akili. Nitakuumiza kwa huyo Profesa wako mpaka ukose pa kuficha uso."

Kuanzia siku hiyo, kilichopimwa ndani ya kidonge kile hakikuwa haja ya mtoto tena. Kilipimwa kisasi.

Kwanza akaanza kumpa na Jumamosi na Jumapili, ili mtoto asome wakati Profesa anacheza. Halafu kimoja na nusu. Halafu viwili. Kliniki akaacha kwenda, maana daktari angeuliza. Akampata muuzaji mmoja wa duka la dawa asiyetaka kuona cheti cha mtu. Siku ambazo Kipepeo alichoka, mama alimwambia, "Unataka shangazi yako akucheke tena?" Mtoto akafungua daftari.

Muhula ulipoisha, mwalimu alisoma majina mbele ya wazazi. Wa kwanza: Kipepeo. Msusi alikuwa amevaa gauni jipya, alilolishonesha makusudi kwa fundi mwingine. Akasogea alipoketi Wifi, akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika na watu wa nyuma:

"Hongera kwa nafasi ya pili, wifi. Si haba, kwa ukoo usio na wagonjwa."

Wifi aliangalia chini. Msusi akasikia utamu mwilini. Lakini yule wa kwanza mwenyewe alikuwa pale kwenye benchi, midomo imekauka, mguu unatikisika, sare imemlegea kama ya kuazima. Hakucheka.

Nyumbani sahani yake ilirudi jikoni vilevile ilivyotoka. Baba yake, fundi majokofu, aliuliza, "Huyu mtoto anakula nini siku hizi?"

"Anakula vitabu," Msusi alimjibu. Baba akacheka, akarudi kwenye kazi zake. Na yeye yumo kwenye lawama.

Siku moja Msusi alipomfumua binti yake nywele, alikuta upara nyuma ya sikio, upana wa kifuniko cha chupa. Mtoto alikuwa anajing'oa nywele moja moja akisoma. Mzazi mwingine angemkimbiza hospitali. Huyu alikuwa msusi. Akagawa nywele upya, akavuta za pembeni, akasuka juu ya upara ule kwa ustadi usioonyesha kitu.

"Mama," Kipepeo alisema, "siku nikichelewa kumeza, kichwa kinakuwa kama redio isiyoshika stesheni. Nalia tu. Bila kile kidonge mimi si mtu."

"Ni mtu wa kwanza darasani wewe," mama alimjibu.

Likizo ilipoanza, Wifi akaja tena, safari hii mpole.

"Wifi yangu, nilikosea mdomo, nisamehe. Profesa analia tangu siku ile. Kitabu hakigusi. Nipe na mimi kidogo ile dawa."

Msusi alimtazama. Alijua. Alijua sahani zisizoguswa, mguu unaotikisika, upara alioufunika kwa vidole vyake mwenyewe. Neno moja lingetosha: usimpe. Badala yake akatabasamu, akaingia ndani, akatoka na kichupa chote.

"Chukua wifi. Kwani mtoto wako si wangu?"

Alipanga kununua kingine. Muuzaji akamwambia mzigo bado haujafika.

Kesho yake asubuhi Kipepeo alipekua kabati, akapekua mapochi, akapindua hata makopo ya mafuta ya nywele. "Mama, viko wapi?"

"Nimempa shangazi yako. Tulia, vitakuja vingine."

Mtoto hakusubiri mwisho wa maneno. Alikimbia bila viatu hadi kwa Wifi, akampita Profesa mlangoni, akatawanya vitambaa na nyuzi mpaka akakiona kichupa kando ya cherehani. Akajimiminia mdomoni. Wifi alipompokonya, alikuwa ameshameza vingi. Haukupita muda akashika kifua: "Shangazi, moyo unakimbia, ushike!" Akaanguka juu ya vitambaa.

Profesa alikuwa bado hajameza hata kimoja.

Wifi alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akipiga kelele watu wamsaidie. Msusi alipofika hospitali, mtoto alikuwa amezungukwa na mashine, na daktari yuleyule alikuwa na swali moja: "Nani alimwongezea dawa?"

Kwenye benchi la nje wakabaki mawifi wawili.

"Umefurahi sasa?" Msusi alisema. "Nenda ukawachekeshe wateja."

"Wifi, ulijua inamfanya hivi?"

Msusi akageukia ukuta.

"Nakuuliza, siku ile naomba, ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka na wako aonje."

Wifi hakumpiga. Alinyanyuka, akaenda kumweleza kaka yake maneno yale, neno kwa neno. 

Kipepeo alipona taratibu, kwa dawa iliyopunguzwa na daktari kidogo kidogo. Siku ya kutoka, aliulizwa anataka kwenda wapi. Akasema, "Kwa shangazi." Baba akakubali akaishi huko.

Sasa kila asubuhi anapita mbele ya saluni akiwa na Profesa. Amenenepa. Husimama mlangoni na kusema, "Shikamoo mama," kwa adabu anayowapa majirani wote, kisha anaendelea na safari yake. Na Msusi, mwenye kiu ya kisasi mpaka leo, hana tena mtoto wa kumlipizia.

FUNZO KWA WENYE WATOTO NA WENYE MAWIFI

Dawa ya daktari haikuwa adui. Kwa kipimo chake ilimsaidia mtoto. Kilichomponza ni mama kumpimia kwa hasira zake. Mzazi, usiongeze dawa kwa akili yako, usiikatishe ghafla, usimpe mtoto wa mwenzio. Ukiona mtoto hali, halali, anajing'oa nywele au anasema bila kidonge yeye si mtu, usifunike. Mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo. Nawe unayemcheka mtoto anayetumia dawa, usijifanye malaika. Kisasi hiki ulikiwasha wewe. Ugomvi wa watu wazima umalizwe na watu wazima. Mtoto asifanywe fimbo.